Heri Iliyowahi kwa Siku Moja

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumatatu. Duka la mikate la pale kona, mtaani Giesing, Bavaria, limefungwa kwa mapumziko ya wiki. Viti vimepandishwa juu ya meza, miguu juu, na mashine ya kahawa imefunikwa taulo. Jikoni tu ndiko kuna taa. Chini ya taa hiyo Roswitha Aigner amesimama akitazama maduara manane aliyoyachora kwa penseli juu ya karatasi za kuokea.

Mchanganyiko uko tayari kwenye bakuli: siagi, sukari, mayai, unga. Uko tayari tangu robo saa iliyopita. Anachota kwa mwiko, kisha anarudisha.

"Mikono inakumbuka," anasema bila kuinua macho. "Mimi ndiye sitaki kukumbuka."

Keki anayotaka kuioka ina jina refu la mtawala wa zamani wa Bavaria, lakini jikoni humu huitwa tu "ile ya nane", kwa ajili ya matabaka yake. Kila tabaka ni jembamba kuliko kidole cha mtoto mchanga, na kila moja huokwa peke yake, dakika sita au saba, mpaka ukingo uanze kuwa wa dhahabu. Kati ya tabaka na tabaka hupakwa krimu ya siagi na chokoleti. Mwisho keki nzima humwagiwa chokoleti nyeusi na kuachwa ilale usiku mmoja mahali pa baridi.

"Kuna wanaooka keki moja nene, halafu wanaikata kwa uzi," anasema. "Haya, wajidanganye."

Roswitha, ambaye mtaa mzima unamwita Rosi, ana miaka sitini na moja. Aliingia jikoni mwa waokaji akiwa na miaka kumi na saba, na katika duka hili ametimiza miaka ishirini na minane. Siku za kazi huamka saa nane usiku. Pingili mbili za mgongo wake zimesagika. Kila mwezi, baada ya makato, anabaki na euro elfu moja mia tisa na hamsini, na karibu nusu humezwa na kodi ya nyumba. Hayo anayataja haraka haraka, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya sokoni. Halalamiki. Kinachomlemea ni kingine.

Ni sentensi moja fupi aliyoisema Jumapili moja ya Machi, mwaka jana.

Tangu siku hiyo hajaoka ile ya nane. Wateja walipoiulizia, aliwaambia chokoleti imepanda bei. Mwenye duka, Korbinian Moser, ambaye alirithi tanuri hili kwa babu yake, alibembeleza mpaka Pasaka, kisha akaacha.

"Nilimwambia, Rosi, keki ile ndiyo iliyolipia hili paa," anasema Korbinian. "Akaniangalia tu. Nikaona bora paa livuje."

Leo anaioka kwa sababu ya simu. Wiki iliyopita simu ya dukani ililia, na upande wa pili alikuwa Alois Stadlbauer, mzee wa miaka themanini na minne, fundi mstaafu wa tramu. Alikuwa hajakanyaga hapa mwaka mzima.

"Nataka ile keki, Bi Aigner," alisema. "Ya tarehe kumi na nne. Si ya kubeba. Nitaila hapo hapo mezani."

Akakata simu kabla ya kujibiwa.

Tarehe kumi na nne Machi ni siku aliyozaliwa mkewe, Notburga. Notburga hayupo tena.

Kila mtu alimwita Burgi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kicheko kilichofika barabarani. Yeye na mumewe walikuwa watu wa kushika Kwaresima: kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Pasaka hawakugusa kitu kitamu. Lakini siku yake ya kuzaliwa haikuwahi kuikwepa Kwaresima hata mwaka mmoja, kwa hiyo walijipa ruhusa moja. Tarehe kumi na nne, ile ya nane, wote wawili.

"Alikuwa akisema, Mungu ndiye aliyenileta duniani wakati wa mfungo, basi makosa ni yake," Rosi anakumbuka. Midomo inataka kutabasamu, kisha inaghairi.

Mwaka jana tarehe hiyo iliangukia Jumatatu, kwa mara ya kwanza tangu duka lianze kufungwa siku hiyo. Kwa hiyo Burgi na mumewe walikuja Jumapili, baada ya misa, kuchukua keki yao ndani ya sanduku. Mkahawa ulikuwa umejaa. Rosi alitoka jikoni kumkabidhi mwenyewe.

"Miaka ishirini na saba nilikuwa nimemshika mkono siku yenyewe," anasema. "Nikawaza, kesho tumefunga, sitamwona. Nikamshika mkono. Nikamwambia, heri ya kuzaliwa, Burgi, na afya tele."

Vijiko vikasimama ndani ya vikombe.

Huku kwao hata mtoto wa shule ya chekechea anajua: mtu hamtakii mwenzake heri kabla ya siku yake. Ni kumwitia mkosi. Ukikutana na mwenye siku yake kesho, unamwuliza habari za mvua na za magoti, unakwenda zako. Zawadi inafichwa, kadi inafichwa, neno linafichwa. Na mtu aliyelitoa lile neno siku moja kabla alikuwa Rosi, ambaye maisha yake yote ameandika majina ya watu juu ya keki na kuzifunga kimya kimya.

"Rosi, ni kesho," sauti ikatoka meza ya dirishani. "Rudisha hilo neno mdomoni haraka."

Watu wakacheka. Burgi akacheka kuwashinda. "Basi nimezeeka siku moja bure," akasema, akagonga mbao za kaunta mara tatu kwa pete yake, kama wafanyavyo huku kufukuza mkosi. Mumewe hakucheka. Alichukua sanduku, akamfungulia mkewe mlango.

Jumatatu alfajiri, siku aliyotimiza miaka sabini na tisa, Burgi alifariki usingizini.

Habari ziliingia dukani Jumanne, zikiletwa na Traudl Wimmer, mshonaji mstaafu, yule yule wa meza ya dirishani. Traudl ana miaka sabini na miwili na huwa hapungukiwi maneno, lakini hili analisema akitazama kikombe.

"Nilimwambia, jamani Rosi, si ulimtakia heri juzi? Basi. Kama mtu anavyosema nje kuna baridi. Sikuwa na maana yoyote." Anazungusha kikombe juu ya sahani yake. "Ulimi hauna mfupa. Laiti ningekuwa natafuna kitu saa ile."

Rosi anasema yeye si mtu wa ushirikina. Daktari alisema ni moyo, na kwamba moyo ule ulikuwa umechoka siku nyingi.

"Najua," anasema. "Nalijua vizuri tangu ninapoamka mpaka kama saa tano asubuhi hivi. Baada ya hapo silijui tena."

Siku ya mazishi, kwenye Makaburi ya Mashariki, alisimama nyuma kabisa, karibu na bomba ambapo watu hujaza maji ya kumwagilia maua. Hakwenda kumshika mkono mfiwa. Mzee Stadlbauer naye hakugeuka. Tangu hapo alipita upande wa pili wa barabara, kichwa chini, na mfuko wa plastiki mkononi.

"Mkate wa supamaketi," anasema Rosi. "Mtu aliyekula mkate wangu miaka ishirini na saba. Nikajua ananilaumu. Na mimi nikaona ni haki yake."

Jikoni, hatimaye, mwiko unashuka. Rosi anatandaza tabaka la kwanza ndani ya duara, anazungusha karatasi kwa mkono wa kushoto na kusawazisha kwa kisu kirefu mkono wa kulia. Anaingiza kwenye tanuri. Hakai. Anasimama mbele ya kioo, akiinama kidogo kwa ajili ya mgongo, mpaka ukingo ugeuke rangi. Analitoa, analibandua likiwa bado la moto, anaanza la pili.

La tano linaungua. Anafuta machozi yaliyomfumba macho dakika mbili, na dakika mbili ni nyingi kwa tabaka jembamba. Anatupa, anatandaza jingine.

Saa nne keki imesimama. Mabaki ya kingo, ambayo siku zote mwokaji huyatia mdomoni mwenyewe ili ajue alichofanya, anayakusanya kwenye karatasi kwa ajili ya ndege wa uani. Haonji.

"Mwaka mzima sijaweza," anasema, kisha anazima taa.

*

Jumanne, saa tisa kasorobo alasiri. Mvua nyembamba inanyesha, na mkahawa unanuka makoti yaliyolowa na kahawa. Korbinian yuko nyuma ya mashine. Rosi, ambaye kwa kawaida saa hizi huwa ameshakwenda nyumbani kulala, amebadilisha aproni mara mbili.

"Kaa chini, unanizungusha kichwa," Traudl anamwambia kutoka dirishani.

"Kunywa kahawa yako."

"Imeshapoa kwa upepo wa aproni yako."

Kengele ya mlango inalia. Mzee Stadlbauer amevaa koti la kijani la siku za misa, lililolegea mabegani kama la kuazima. Anasalimu kwa kichwa, bila kumtazama mtu. Anakwenda moja kwa moja kwenye meza ndogo ya ukutani, anakaa kwenye kiti chake cha zamani, na kofia anaiweka juu ya kiti cha pili. Hakuna anayekaa kwenye kiti cha pili.

Rosi anachovya kisu kwenye maji ya moto, anakifuta, anakata. Kipande kinatoka kimesimama wima, mstari wa njano, mstari wa kahawia, mstari wa njano. Anakipeleka mwenyewe.

Mzee anakitazama muda mrefu. Kisha kwa ncha ya uma, bila kugusa, anahesabu kutoka juu kwenda chini.

"Nane," anasema.

"Nane," anajibu Rosi.

"Umeonja?"

"Hapana."

"Mwokaji hajaonja keki yake?"

Rosi anashika ncha ya aproni.

"Lete uma mwingine, Bi Aigner."

"Niko kazini, Mzee Stadlbauer."

"Hayuko kazini," anasema Korbinian nyuma ya mashine. "Zamu yake imeisha saa sita."

Rosi analeta uma. Anavuta kiti cha tatu kutoka meza ya jirani, kwa kuwa kile cha pili kina kofia, anakaa kwenye ukingo wake kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Na lile alilolibeba mwaka mzima linamtoka kabla hajajipanga.

"Nilimtakia heri kabla ya siku yake," anasema. "Nisamehe."

Mzee anaweka uma chini. Meza ya dirishani, Traudl ameacha hata kujifanya anasoma gazeti.

"Unajua tulifanya nini tulipofika nyumbani siku ile?" anauliza mzee.

Rosi anatikisa kichwa.

"Burgi alicheka kutoka mlango huu mpaka ghorofa ya tatu. Alipofika juu hana pumzi. Akaniambia, Alois, Rosi ameshasema, mkosi umeshaingia ndani, sasa tunasubiri nini? Lete kisu. Nikamwambia, siku ni kesho. Kwaresima ni Kwaresima. Akaniambia, haya, wewe shika mfungo wako. Mimi nimeshatakiwa heri."

Anasogeza sahani sentimita moja, anairudisha.

"Akakata mwenyewe. Akala vipande viwili. Alikuwa akibandua tabaka moja moja kwa uma, kutoka juu, akihesabu kwa sauti ili anichokoze. Moja, Alois. Mbili, Alois. Krimu imemfika kwenye pua. Alipofika la nane akanisogezea uma mpaka hapa." Anaonyesha mdomo wake. "Akasema, hili moja tu. Nikasema, kesho."

Mvua inasikika kwenye kioo.

"Nikasema, kesho," anarudia mzee.

Rosi ameziba mdomo kwa kiganja.

"Usingesema lile neno, Bi Aigner, sanduku lingelala limefungwa kamba zake. Angekufa na keki yake jokofuni. Wewe ulimlisha." Sauti yake inashuka, inabidi Rosi ainame kumsikia. "Mimi ndiye niliyemwacha ale peke yake."

"Nilidhani unanilaumu," anasema Rosi. "Ulikuwa unapita ng'ambo."

"Nilikuwa nakwepa lile dirisha lenu. Kila nikiona keki, naona uma." Anapumua. "Iliyobaki ilikaa jokofuni wiki tatu. Sikuweza kuila, sikuweza kuitupa. Mwisho nikaizika kwenye bustani ya nyuma, mzee mzima, na koleo. Jirani akaniuliza kama nimefiwa na paka."

Traudl anatoa sauti fulani, nusu kicheko, na anajifunika na gazeti.

Mzee Stadlbauer anachukua uma wake. Haanzii juu. Anauingiza chini kabisa, anainua kwa uangalifu, na kulibandua tabaka la nane, lile linalogusa sahani. Analitia mdomoni. Anatafuna taratibu, macho amefumba. Inachukua muda mrefu kumeza kitu chembamba kiasi kile.

"Sasa wewe," anasema.

Rosi anakata kipande kidogo kona ya pili ya sahani. Ni mara ya kwanza katika mwaka mmoja na siku moja. Anatafuna. Mashavu yamelowa, lakini nyusi zinakunjana kwa namna ambayo Korbinian, aliyefanya naye kazi muda mrefu, anaitambua.

"Sukari imepungua," anasema Rosi.

"Iko sawa."

"Imepungua, Mzee Stadlbauer. Mwaka ujao..." Anajikatiza.

"Iko sawa," anarudia mzee, na wanaendelea kula, kila mmoja upande wake wa sahani, mpaka yanabaki makombo ya chokoleti tu.

Anapotaka kuondoka, mzee anachukua kofia kutoka kwenye kiti, lakini haivai. Anasimama ameishika kwa mikono miwili.

"Leo ndiyo tarehe yenyewe," anasema. "Leo unaweza kusema."

Rosi anatazama kile kiti kitupu.

"Heri ya kuzaliwa, Burgi," anasema.

Kwenye meza ya dirishani Traudl anasema vivyo hivyo, kwa sauti ya chini, na Korbinian naye. Mzee anaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea salamu kwa niaba ya mwingine. Analipa euro nne na senti themanini za kipande kimoja, na ingawa Rosi anakataa, anaziacha juu ya kaunta. Mlangoni anageuka.

"Mimi ni tarehe sita Novemba."

"Basi nita..."

"Usiseme."

Rosi anafunga mdomo. Mzee anavaa kofia, anafungua mlango, na safari hii havuki barabara. Anapita mbele ya dirisha lenyewe, polepole, na mvua inamnyeshea.

Rosi hajapona. Anasema hivyo bila kuzunguka, baadaye, akiosha sahani ile kwa mkono badala ya kuiweka kwenye mashine. Burgi hatarudi, na mwaka aliopoteza akimkwepa mwenzake wa majonzi hautarudi pia. "Tungeweza kulia pamoja tangu Machi iliyopita," anasema. "Kila mtu alikaa na jiwe lake, barabara moja katikati, mita kumi."

Akiulizwa ana mpango gani sasa, kama ataendelea kuoka ile ya nane, kama atastaafu miaka michache ijayo kama mgongo unavyotaka, anakausha mikono na kugonga mbao za meza mara tatu.

"Huku kitu hakisemwi kabla ya siku yake," anasema. "Nimeshajifunza."

Lakini ukutani jikoni, karibu na tanuri, kuna kalenda ya kampuni ya unga, ambayo siku hizi zote ilikuwa imefunguliwa Machi. Rosi anainua kurasa, anazihesabu kwa kidole mpaka Novemba. Anatoa ile penseli ya kuchorea maduara. Juu ya tarehe sita anachora duara dogo, safi, bila jina.

"Ya nani hiyo?" Traudl anauliza kutoka mlangoni, tayari amevaa koti.

"Ya Novemba," anajibu Rosi, na kuzirudisha kurasa mahali pake.